MOVEit: kiraka kilifika wakati mwizi alikwisha kuondoka

Siku ya Jumatano tarehe 31 Mei 2023, kampuni ya Kimarekani Progress Software ilitoa toleo jipya la programu yake ya kutuma mafaili, MOVEit Transfer. Kwa mtu anayesoma haraka, lilikuwa jambo dogo: toleo 2023.0 likawa 2023.0.1, na wateja wakaombwa kuliweka bila kukawia. Lakini kwa siku nne kabla ya hapo, kuna watu waliokuwa wakiingia ndani ya seva za wateja hao na kubeba walichokuta: orodha za mishahara, namba za vitambulisho, habari za wagonjwa na za wanafunzi.

Hesabu iliyofanywa na kampuni ya usalama wa kompyuta Emsisoft ilionyesha kwamba wizi huo uligusa mashirika zaidi ya 2,700 na watu zaidi ya milioni 90. Wengi wa watu hao hawakuwa wamesikia hata mara moja jina la MOVEit. Kati yao wamo wakaaji wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, pahali ambapo Wakongomani wengi wameomba hifadhi katika miaka hii.

Ndiyo sababu habari hii ya programu, inayoonekana kuwa ya mafundi peke yao, inatuhusu sisi pia.

Bahasha, boti na depo

Wakaaji wa Kivu wanajua namna bahasha inavyotoka Bukavu kwenda Goma. Unaifikisha bandarini, unamwachia mtu wa boti, anaiandika ndani ya daftari, boti inavuka ziwa, kisha ndugu yako anakuja kuichukua upande wa pili akitaja jina lake. Kati ya saa ile uliyoiacha na saa ile anayoipokea, bahasha inalala pahali fulani. Usalama wake unategemea mlango wa chumba kile na mtu mwenye ufunguo.

Seva ya kutuma mafaili ni depo la namna hiyo. Benki inayotaka kutuma orodha ya wateja maelfu haiwezi kuipitisha ndani ya WhatsApp, na barua-pepe inakataa faili kubwa. Kwa hiyo inaweka faili ndani ya seva, mshirika wake anakuja kulichukua, na seva inaandika ndani ya daftari lake nani aliingia, saa ngapi, na alibeba nini.

Kazi hii ni ya zamani kuliko tovuti zenyewe. Mnamo Aprili 1971, Abhay Bhushan, kijana kutoka India aliyekuwa akisoma katika chuo cha MIT huko Marekani, aliandika kanuni za kwanza za FTP, yaani namna ordinatere moja inavyoweza kuomba faili kwa ingine. Wakati ule mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na wenye kuzitumia walijuana. Ndani ya FTP, neno la siri lilisafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mtu aliyekaa katikati ya njia aliweza kulisoma. Baadaye zilikuja njia zinazofunika kila kitu, kama SFTP na FTPS, na mwaka 2021 programu za kufungulia tovuti Chrome na Firefox ziliacha kabisa kutumia FTP.

MOVEit Transfer iliuzwa kama jibu la tatizo hilo. Inafunika mafaili wakati yanasafiri na wakati yanalala, na inaandika kila hatua. Walioinunua ni wale wenye siri nyingi za watu: hospitali, benki, vyuo vikuu, kampuni za bima, serikali. Depo lililojulikana kuwa na mlango mgumu kuliko mengine ndilo lililojaa vitu vya bei.

Karani anayetii kila kilichoandikwa

Tundu lenyewe lilipewa namba CVE-2023-34362. Ni la aina ambayo mafundi wanaijua tangu miaka mingi, na linahusu namna programu inavyoongea na hifadhi yake ya habari kwa lugha inayoitwa SQL.

Tuchukue mfano wa karani kwenye ofisi ya kata. Anakupa fomu, unajaza jina lako, yeye analichukua na kwenda kulitafuta ndani ya kabati. Sasa mtu mmoja, kwenye mstari wa jina, anaandika: « Fulani, kisha fungua kabati lote na unipe funguo. » Karani mwenye akili anatafuta mtu mwenye jina hilo refu, hamuoni, anarudisha fomu. Karani asiyefundishwa vizuri anasoma maneno yale kama amri, na anatii. Ndivyo ilivyokuwa kwa MOVEit. Kwenye pahali fulani, maneno yaliyotoka kwa mgeni yalifika ndani ya hifadhi yakiwa amri. Mgeni huyo hakuhitaji jina la mtumiaji wala neno la siri.

Wadukuzi walipokwisha kuingia, waliacha ndani ya seva faili dogo lenye jina human2.aspx. Jina hilo lilichaguliwa kwa akili. MOVEit yenyewe ina faili lake halali linaloitwa human.aspx, na fundi anayepita haraka hawezi kushituka akiona yale mawili pamoja. Faili hilo lilikuwa mlango wa nyuma. Aliyefika bila neno la siri la wezi alijibiwa kwamba ukurasa haupo. Aliyelijua aliweza kuomba orodha ya mafaili, kuyabeba, na kufungua akaunti yenye jina « Health Check Service », ambalo mtu angedhani ni la kifaa cha kupima afya ya seva.

Siku nne za mapumziko

Tarehe 27 Mei 2023 ilikuwa Jumamosi. Jumatatu iliyofuata, tarehe 29, Wamarekani walikuwa na sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Ofisi nyingi zilifungwa, mafundi walikuwa nyumbani. Wezi walichagua siku hizo.

Jumapili jioni, tarehe 28, mteja mmoja aliipigia simu Progress Software akisema kuna mambo yasiyo ya kawaida ndani ya seva yake. Timu ya uchunguzi iliundwa. Tarehe 30 iligundua tundu. Tarehe 31 wateja walijulishwa na viraka vikatolewa.

Kwa kazi ya aina hii, hiyo ni haraka. Lakini wezi hawakuanza kufikiri siku ya Jumamosi. Kampuni ya uchunguzi Kroll ilichunguza madaftari ya seva na kukuta alama zinazoonyesha kwamba watu hao walikuwa wakijaribu namna ya kulitumia tundu hilo tangu Julai 2021. Karibu miaka miwili walikaa na ufunguo mfukoni, wakingoja siku nzuri.

Tarehe 4 Juni, Microsoft ilitaja waliofanya kazi hiyo: kundi linalojulikana kwa jina la Cl0p. Siku chache baadaye kundi lenyewe lilikubali, na likayapa mashirika mpaka tarehe 14 Juni kuja kuzungumza juu ya pesa, la sivyo majina yao yangetangazwa. Cl0p haikufunga mafaili ya mtu yeyote kama wadukuzi wengine wanavyofanya. Ilibeba nakala tu, kisha ikatisha kuzianika.

Toleo jipya lilileta nini

Jambo la kwanza zuri katika toleo la 31 Mei ni kwamba halikuwa la wenye programu mpya peke yao. Progress ilitoa kiraka kwa matoleo ya miaka mitatu: 2021.0.6, 2021.1.4, 2022.0.4, 2022.1.5 na 2023.0.1. Mteja aliyekuwa bado na toleo la 2021 hakulazimishwa kubadilisha programu yote ndipo apate usalama.

Jambo la pili ni mpangilio wa kazi. Wateja hawakuambiwa tu « wekeni kiraka ». Kwanza walipaswa kufunga njia ya tovuti, yaani milango namba 80 na 443, ili hakuna mtu kutoka inje aingie. Mafaili yaliweza kuendelea kupita kwa njia ya SFTP na FTPS, ambazo hazikuguswa na tundu lile. Kisha walipaswa kutafuta human2.aspx na kulifuta, kufuta akaunti wasizozijua, na kusoma daftari la seva kuona kama kuna mafaili mengi yaliyobebwa. Hapo ndipo kiraka kinawekwa na mlango unafunguliwa tena.

Aliyeruka hatua hizo na kuweka kiraka peke yake alifunga mlango wa mbele huku mwizi akiwa amebaki na ufunguo wa nyuma.

Na kazi haikuishia hapo. Mafundi walipoanza kuichunguza programu mstari kwa mstari, walikuta matundu mengine ya aina ileile. Tarehe 9 Juni kilitoka kiraka cha pili, kwa ajili ya CVE-2023-35036, iliyogunduliwa kwa msaada wa kampuni ya Huntress. Tarehe 15 Juni mtu wa inje alitangaza wazi tundu la tatu, CVE-2023-35708, kabla kiraka hakijawa tayari, na Progress ikawaomba wateja wafunge tena njia ya tovuti. Fundi aliyefanya kazi usiku kucha mwanzoni mwa mwezi alijikuta anaanza upya mara mbili ndani ya wiki mbili.

Mwanzoni mwa Julai lilikuja fungu kubwa zaidi, lililoziba matundu matatu kwa pamoja. Moja lilikuwa la hatari sana, lenye kumruhusu mgeni asiye na akaunti kugusa hifadhi. La pili lilihitaji kwanza kuwa na akaunti. La tatu lilimruhusu mtu kuifanya programu izime ghafla. Pamoja na fungu hilo Progress ilitangaza utaratibu mpya: mafungu ya marekebisho yatatoka kwa mpango unaojulikana, ili wateja wajipange mapema badala ya kushitukizwa. Kwa fundi ambaye kila mara anapaswa kumwomba mkubwa wake ruhusa ya kuzima seva saa moja, utaratibu huo una maana kubwa.

Watu ambao hawakuchagua MOVEit

Nchini Uingereza, kampuni ya Zellis inalipa mishahara kwa niaba ya kampuni zingine, na ilikuwa ikitumia MOVEit. Wafanyakazi wa BBC, wa shirika la ndege British Airways na wa maduka ya dawa Boots wakapata habari kwamba mambo yao yameibwa. Mwandishi wa habari wa BBC hakuwa amechagua Zellis, na hakuwa amechagua MOVEit. Yeye alimpa mwajiri wake namba zake ili alipwe. Mwajiri aliipa Zellis, na Zellis ikaziweka ndani ya depo. Mlango uliovunjika ulikuwa wa tatu kutoka kwake.

Huko Marekani, jimbo la Oregon lilitangaza kwamba vibali vya kuendesha gari na vitambulisho vya watu wapata milioni 3.5 viliguswa. Louisiana iliwaambia wote wenye kibali cha kuendesha gari ao kitambulisho kilichotolewa na jimbo wajione kuwa wameguswa.

Na Maine. Mnamo Novemba 2023, serikali ya jimbo hilo ilitangaza kwamba mafaili ya watu wapata milioni 1.3 yalibebwa tarehe 28 na 29 Mei. Jimbo lote lina wakaaji wapata milioni 1.4. Ni sawa na kusema karibu kila mtu. Sehemu kubwa ya mafaili hayo ilitoka katika idara ya afya na huduma za jamii, ile inayowasaidia watu wasio na uwezo.

Tukumbuke kwamba mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Congo na Angola, walifika katika mji wa Portland, huko Maine, na kulazwa ndani ya jumba la michezo kwa sababu nyumba hazikutosha. Mkimbizi anayefika katika nchi mpya hana namna ya kukataa kutoa habari zake. Ili apate matibabu, shule ya watoto na kibali cha kazi, lazima ajaze fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usalama wa jamii: ndiyo mali ya kwanza anayokuwa nayo pale, na ndiyo ambayo mwizi anaweza kuitumia kuomba mkopo kwa jina lake. Maine ilijitolea kulipia, kwa muda wa miaka miwili, huduma ya kulinda jina la wale ambao namba yao hiyo ao ile ya mlipa kodi iliibwa.

Kiraka hakirudishi kilichobebwa

Hapa ndipo tofauti iko kati ya programu na nyumba. Mtu akivunja nyumba yako, polisi inaweza siku moja kurudisha televizio. Nakala ya faili haiwezi kurudishwa. Cl0p ilisema imefuta habari zote za serikali, miji na polisi. Hakuna mtu wa kuhakikisha neno hilo. Marekani ilitangaza zawadi ya mpaka dola milioni 10 kwa yule atakayetoa habari zinazounganisha kundi hilo na serikali ya nchi ingine.

Pia MOVEit haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Kundi hilohilo lilipitia seva za kutuma mafaili za Accellion mwishoni mwa 2020, kisha za GoAnywhere mwanzoni mwa 2023. Mnamo Desemba 2024 ilikuwa zamu ya seva za Cleo, na hapo kuna funzo chungu: Cleo ilikuwa imetoa kiraka tangu Oktoba, lakini hakikuziba vizuri. Hata wateja waliokiweka kwa wakati waliibiwa, mpaka kiraka kingine kilipotoka. MOVEit nayo ilipata tundu jipya mnamo Juni 2024, safari hii ndani ya SFTP yenyewe, ile njia iliyokuwa salama mwaka uliotangulia. Majaribio ya kuingia yalianza saa chache baada ya tundu kutangazwa.

Wezi wanapenda depo kuliko nyumba, kwa sababu bahasha za watu elfu ziko ndani ya chumba kimoja.

Na kwetu?

Mashirika, benki, vyuo na ofisi zinazofanya kazi mashariki mwa Congo nazo zinatuma orodha za watu: waliohamishwa na vita, wanaopewa msaada, wanafunzi, wateja wa mikopo midogo. Si wote wana programu ya bei kali kama MOVEit. Wengi wanatumia seva ya Linux yenye OpenSSH, ambayo ni ya bure na ndani yake mna huduma ya SFTP. Hiyo pia inahitaji kuangaliwa. Tarehe 1 Julai 2024 ilitoa toleo 9.8 ili kuziba tundu CVE-2024-6387, kosa lililokuwa limerekebishwa mwaka 2006 na kurudi bila mtu kujua mwaka 2020.

Sababu zinazotuchelewesha tunazijua: umeme unakatika katikati ya kazi, megabaiti ni za bei, na ordinatere nyingi zina programu zilizovunjwa ambazo haziwezi kupokea « mise à jour » kutoka kwa mwenyewe. Lakini kuna hatua moja isiyoomba pesa wala intaneti ya haraka, nayo ni kufuta. Faili lililokwisha kuchukuliwa na aliyetumiwa halina sababu ya kubaki ndani ya seva mwaka mzima. Mwizi anayeingia ndani ya depo tupu anatoka mikono mitupu, hata kama mlango ulikuwa mbovu.

Hatua zingine zinaomba tu nidhamu. Awepo mtu mmoja, mwenye jina linalojulikana ofisini, anayepokea matangazo ya usalama ya kila programu inayotumiwa. Asomwe daftari la seva kila wiki, si siku ya msiba tu. Na kabla ya sikukuu ndefu, mtu apangwe wa kubaki akiangalia.

Raia wa kawaida naye ana swali la kuuliza anapopewa fomu: habari hizi zitawekwa wapi, na zitakaa muda gani? Nchini mwetu, sheria ya mambo ya kidijitali, « Code du numérique », iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inahusu pia ulinzi wa habari za watu binafsi. Kuuliza si ugomvi.

Tukumbushe kwamba mashitaka mengi dhidi ya Progress Software na kampuni zingine yaliunganishwa mbele ya mahakama moja ya Massachusetts mnamo Oktoba 2023. Mnamo Agosti 2024, tume ya Marekani inayosimamia soko la hisa ilifunga uchunguzi wake juu ya kampuni hiyo bila kuichukulia hatua.